Yule Aliyetumwa Kwetu



Kila mwaka, tarehe 11 Februari, Kanisa linaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Siku hiyo tunawaombea wagonjwa, na pamoja nao wale wanaowatibu. Safari hii tumeona vema kuungama jambo moja mbele yenu. Lilitupata sisi wenyewe, kikundi cha vijana tunaotembelea wagonjwa hapa Kampemba, wala halikutuletea sifa.

Katika mtaa wa Bongonga anaishi mama mzee, mjane, ambaye sisi sote tunamwita Kambo. Wengine kati yetu ni wajukuu wake wa damu. Wengine aliwafanya wajukuu kwa bukari yake. Ana ugonjwa wa sukari tangu miaka mingi. Mwanzoni mwa mwezi wa sita, baridi ilipoanza, alituambia kwamba miguu yake imekuwa kama ya mtu mwingine: anakanyaga, lakini hasikii anachokanyaga. Tulichanga faranga, tukampandisha taksi, tukampeleka katika hospitali moja ya mjini ambako kuna siku maalum kwa wagonjwa wa sukari.

Tulifika kabla ya saa moja asubuhi. Ilipotimia saa nne, jina la Kambo likaitwa. Ndani ya chumba tulimkuta mwanamume wa makamo, amevaa koti jeupe lililofuliwa mara nyingi. Alisimama, akampa Kambo mikono miwili, akamkalisha, kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau: “Mama, mimi si munganga. Mimi ni mwuguzi niliyesomea ugonjwa wa sukari. Leo nitaangalia miguu yako. Nikikuta jambo linalonizidi, nitamwandikia munganga barua leo hii, naye atakuona.”

Kambo alitutazama sisi. Akauliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: “Munganga mwenyewe iko wapi?” Akajibiwa kwamba munganga wa ugonjwa huo huja siku ya Alhamisi. Basi akakaza kitenge chake, akasimama. “Miye nilikuya kuona munganga, hapana mutumishi wake.”

Hapo tungeweza kumtuliza. Sisi ndio tuliosoma. Sisi ndio aliotutegemea. Badala yake tulimtia moto. Mmoja wetu alimwambia yule mwuguzi kwamba tumelipa ili kuonana na munganga, wala si kuonana na mwanafunzi. Mwingine akacheka. Mtu huyo hakuwa mwanafunzi. Mvi zilikuwa zimeanza kumwota. Hakutujibu kwa hasira. Alisema tu kwamba Alhamisi ni sawa, lakini hadi siku hiyo Kambo aoshe miguu kila jioni kwa maji safi yasiyo ya moto, aikaushe vizuri katikati ya vidole, aikague, asitembee pekupeku, na asiisogeze karibu na mbabula. Tulipofika nje tulicheka tena. Kuosha miguu! Hiyo ndiyo dawa aliyoisomea?

Alhamisi tulirudi. Watu walikuwa wengi kuliko nguvu za munganga mmoja, na saa tisa tukaambiwa tuje wiki ijayo. Alhamisi ya pili munganga alikuwa safarini. Kabla ya Alhamisi ya tatu, usiku mmoja wa baridi kali, Kambo aliketi mbele ya mbabula, akanyosha miguu kuelekea makala kama alivyofanya maisha yake yote. Hakusikia kitu. Asubuhi aliona malengelenge, akayafunga kwa kitambaa, akatuficha, kwa maana hakutaka kutusumbua. Sisi tuligundua Alhamisi yenyewe, ndani ya taksi, kwa harufu.

Munganga alimpokea vema. Aliutazama mguu kwa muda mfupi, akauliza ni nani aliyemwona mara ya kwanza. Tukanyamaza. Akaenda mlangoni yeye mwenyewe, akamwita yule yule tuliyemkataa, akamwambia Kambo: “Huyu ndiye anayetibu miguu hapa. Hata mimi huwa namuuliza.” Kambo alilazwa. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa. Vilivyosalia viliokolewa kwa miezi minne ya kusafishwa na kufungwa kidonda, siku moja kati ya mbili, kwa mikono ya mtu tuliyemwita mwanafunzi. Katika miezi hiyo yote hakutukumbusha maneno yetu hata mara moja.

Je, vidole vile vingepona kama tungemsikiliza? Tulipomwuliza, alitujibu kwa ukweli ule ule wa siku ya kwanza: hakuna anayejua. Alitueleza kwamba sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni, hata mtu akanyage msumari au moto asipate habari. Huharibu pia njia za damu, ndiyo maana kidonda kidogo hukawia kupona na huweza kuoza. Alituonyesha uzi mwembamba wa nailoni ambao huugusisha kwenye unyayo huku mgonjwa amefumba macho, ili kujua ni wapi hisia imekufa. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Ndiyo aliyotaka kumfanyia Kambo siku ile tulipomnyanyua kitini. Kuhusu vidole, basi, tunaweza kujifariji kwamba hakuna anayejua. Kuhusu mbabula hatuna faraja, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa.

Jumatatu ya juma la tatu la Kwaresima husomwa habari za Naamani, kutoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Tumeisikia tangu utoto, nasi tulidhani kwamba inahusu ukoma na mto Yordani. Baada ya mambo ya Kambo tuliisoma upya, tukaona kwamba inahusu pia mgonjwa mkubwa aliyekataa kutibiwa na mtu mdogo. Naamani alikuwa jemadari. Alikuja na fedha, dhahabu na mavazi, akasimama na magari yake mbele ya nyumba ya Elisha. Nabii hakutoka. Alimtuma mjumbe amwambie akajioshe mara saba katika Yordani. Naamani akakasirika kwa mambo mawili: kwamba mkubwa mwenyewe hakuja, na kwamba dawa yenyewe ilikuwa nyepesi mno. Tulishangaa jinsi hasira yake ilivyofanana na yetu. Sisi pia tulitaka mkubwa mwenyewe, na sisi pia tuliambiwa habari za kuosha.

Lakini jambo lililotuumiza zaidi liko mbele kidogo. Naamani aliponywa kwa sababu watumishi wake walimsogelea, wakamtuliza kwa heshima, wakamshawishi ajaribu. Kila aliyemsaidia katika habari ile ni mtu asiyetajwa jina: msichana mtekwa aliyemtaja nabii, mjumbe aliyeleta neno, watumishi walioituliza hasira ya bwana wao. Kambo naye alikuwa na watumishi wake siku ile, nao walikuwa sisi. Hofu yake ilikuwa ya haki. Ni mzee, anaumwa, ameona mengi. Kazi yetu ilikuwa kuituliza, nasi tukaichochea kwa sababu ilitupa nafasi ya kujiona watu wanaojua haki zao.

Tumejiuliza sana dharau hiyo ilitoka wapi, kwa maana haikuwa desturi yetu. Hapa mtaani, mtoto akipata homa usiku, tunamkimbiza katika kituo cha afya, na aliyeko pale karibu daima ni mwuguzi. Nchi yetu imegawanywa katika kanda za afya zaidi ya 500, na katika vituo vilivyo chini ya kanda hizo mwuguzi ndiye anayepima, anayeandika dawa na anayeamua nani apelekwe hospitali. Wote wavaao koti jeupe pale tunawaita “munganga”, wala hatuulizi diploma. Hospitalini pia, katika sehemu nyingi za Kongo, anayemlaza mgonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa ni mwuguzi aliyesomea kazi hiyo. Tunatoka chumba cha upasuaji tukimshukuru Mungu na munganga aliyeshika kisu; yule aliyehesabu pumzi zetu tukiwa tumelala hatumjui hata sura.

Kwa hiyo hatukumdharau mtu yule kwa sababu ni mwuguzi. Tulimdharau kwa sababu alisema kwamba ni mwuguzi. Kama angenyamaza, Kambo angemwita munganga, sisi tungemwita munganga, na miguu ingepimwa asubuhi ile. Ukweli wake ndio uliomponza. Tafakarini neno hilo, wapendwa. Mtu alitupa ukweli wa jina lake na mpaka wa uwezo wake, nasi tukamlipa kicheko. Tukiendelea hivyo tunawafundisha wauguzi wetu kujificha, kisha tutalalamika kwamba katika mitaa kuna watu wanaovaa koti wasilostahili.

Kuna jambo jingine tulilopaswa kulijua, kwa kuwa limeandikwa juu ya lango katika mji wetu. Hospitali kubwa ya serikali ya Lubumbashi inaitwa kwa jina la Jason Sendwe. Hatukumpeleka Kambo huko, lakini hakuna familia ya Kampemba ambayo haijui njia ya kwenda Sendwe. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba Sendwe mwenyewe, kabla ya siasa, alikuwa mtu wa uuguzi? Alizaliwa mwaka 1917, akalelewa katika shule za ndugu zetu Wametodisti. Katika ujana wake, chini ya utawala wa Wabelgiji, hapakuwa na shule katika nchi hii ambamo Mkongo angeweza kusomea uganga kamili. Kijana mwenye akili alifika ngazi ya mwuguzi au ya msaidizi wa munganga, na hapo mlango ukafungwa. Baadaye aliongoza chama cha BALUBAKAT, akawa naibu waziri mkuu, na mwezi wa sita 1964 akauawa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Mtu anayesimama katika ua wa hospitali hiyo na kusema kwamba hataki kuguswa na mwuguzi, anasema hivyo chini ya jina la mwuguzi.

Wala Sendwe hakuwa peke yake. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954, na uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, hakuna Mkongo aliyekuwa amemaliza masomo ya uganga humo. Walikuwako wasaidizi wa wanganga zaidi ya mia moja, Wakongo waliokwisha kutibu watu kwa miaka. Shirika la Afya Duniani liliwapa wengi wao nafasi ya kusoma zaidi, hasa Ufaransa, nao wakarudi wakiwa wanganga kamili. Watu wale wale, mikono ile ile. Kilichoongezwa ni masomo waliyokuwa wamenyimwa. Basi ile dharau ya kusema “huyu ni msaidizi tu” ina mizizi mirefu. Wakoloni waliitumia kwa wazee wetu, nasi tumeirithi, tukaitumia kwa kaka zetu.

Nchi nyingine zimepita njia hiyo hiyo. Huko Marekani, mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Duke kilianza kufundisha wasaidizi wa wanganga, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wanaume wanne waliokuwa wamehudumia wagonjwa katika jeshi la majini. Jirani zetu wa Tanzania wana madaktari wasaidizi, watu waliofanya kazi ya tiba kwanza na kisha kuongezewa masomo, ambao kwa miaka mingi wamewapasua akina mama wenye uzazi mgumu katika hospitali za wilaya. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, huu wa pili ukiwa ng'ambo ya ziwa kutoka Kalemie. Wachunguzi walilinganisha upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule uliofanywa na madaktari wenye shahada. Hawakukuta tofauti ya maana katika yale yaliyowapata akina mama na watoto wao.

Hatusemi haya ili kuwafanya mfikiri kwamba munganga hana kazi. Ule mguu ulihitaji mpasuaji, na mpasuaji alihitaji miaka yake yote ya masomo. Tena, uhaba wa wanganga katika nchi yetu ni jeraha lisilofaa kufunikwa kwa maneno mazuri juu ya wauguzi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza. Aulize: wewe ni nani, ulisomea nini, ni nani aliye juu yako, na ni wakati gani utamwita? Mwenye ujuzi wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Tunajua hivyo kwa sababu mwuguzi wetu aliyajibu yote manne kabla hatujamwuliza. Kuuliza ni kumheshimu mtu, maana ni kumchukua kuwa mwenye majibu. Sisi hatukuuliza. Tulihukumu.

Maneno haya yanawahusu hasa baadhi yenu. Katika kila parokia ya Kampemba kuna wasichana na wavulana wanaosomea uuguzi. Mnajua swali mnaloulizwa nyumbani: “Ulikosa nafasi ya uganga?” Kuanzia sasa, swali hilo lisitoke tena katika vinywa vyetu. Nanyi mtakapovaa koti, msijiite msivyo. Semeni jina la kazi yenu wazi, kama yule alivyosema, hata mkichekwa. Na mkikuta jambo linalowazidi, andikeni barua siku ile ile. Mjumbe wa Elisha hakujifanya nabii. Alipeleka neno jinsi alivyopewa, na neno hilo likaponya.

Mwezi wa kumi, siku ya mwisho ya kufungwa kidonda, tulikwenda wote pamoja na Kambo. Tulikuwa tumejiandaa kuomba msamaha kwa maneno marefu. Kambo alitutangulia. Mwuguzi alipopiga magoti ili kumvua kiatu, kama alivyokuwa amefanya siku zote zile, mzee aliweka mkono juu ya kichwa chake, kama mama anavyombariki mtoto, akamwambia: “Baba, unisamehe.” Katika lugha yetu, mama mzee hamwiti kijana wa makamo “Baba” kwa kupita tu. Mwuguzi alinyamaza kidogo, akaendelea kukausha katikati ya vidole vilivyobaki. Kisha akatugeukia sisi, akatuuliza ni nani kati yetu anayeikagua miguu hiyo siku ya Jumapili.

Tangu hapo tumejipangia zamu. Kila jioni mmoja wetu huenda Bongonga na kioo kidogo, huosha miguu ya Kambo, huikausha, hutazama nyayo, huandika katika daftari alilotupa mwuguzi. Mbabula hukaa upande wa pili wa chumba, na Kambo huketi na blanketi miguuni, akinung'unika kwa baridi.

Katika mkutano wenu ujao, tunawaomba mzungumze juu ya mambo matatu. Ni nani aliyewahi kutumwa kwenu kwa msaada, nanyi mkamrudisha kwa sababu hakuwa yule mliyemtarajia? Mnapomsindikiza mgonjwa, je, mnaituliza hofu yake au mnaichochea? Na katika mtaa wenu, ni mzee gani mwenye sukari ambaye hakuna aliyeitazama miguu yake juma hili? Swali la tatu lisingoje mpaka mkutano uishe vizuri. Mkishapata jina, nendeni jioni ile ile, mkachukue na taulo.